Maswali ya Wasomaji: Kitabu kimoja, koo nyingi

Barua tatu zilizochaguliwa mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na zote zinahusu vikundi vya kusoma. Majibu yangu hayalingani kwa urefu, kwa sababu barua ya kwanza imebeba mambo mengi kuliko zile mbili, na pia kwa sababu inanigusa mwenyewe. Nilizaliwa kambini, baba akiwa mfanyakazi wa migodi, na nimewahi kuongoza kikundi cha namna hii kwa miaka kadhaa, ingawa si kila siku niliongoza kwa busara.

SWALI LA KWANZA

Mama Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Sisi ni watu kumi na mmoja, wanawake saba na wanaume wanne, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana katika ukumbi mdogo wa parokia ili tuzungumzie kitabu ambacho wote tumekwisha kukisoma. Mwezi uliopita tulisoma Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegal. Nilitegemea kwamba tungebishana juu ya wanaume na wanawake, lakini tuliishia kubishana juu ya makabila. Dada mmoja wa kabila la Wabemba aliuliza wajomba wa Ramatoulaye, mhusika mkuu wa kitabu, walikuwa wapi siku mumewe alipooa mke wa pili. Mzee mmoja wa asili ya Kasai akajibu kwamba mjomba hana neno katika nyumba ya mtu, kwa sababu mume ndiye kichwa cha nyumba tangu enzi za mababu. Mwingine akasema, “Ninyi watu wa ukoo wa mama hamjui ndoa ni kitu gani.” Hapo kikao kikavunjika, na watu wawili wakaondoka bila kuaga. Je, tuache vitabu vinavyogusa mambo ya mume na mke, au tuweke sheria kwamba mtu yeyote asitaje kabila lake?
Katibu wa kikundi, Kamalondo

JIBU

Dada Katibu, msiache kitabu, na sheria hiyo msiiweke. Kikundi kinachokataza kutaja kabila hakiziondoi mila katika mazungumzo, kinazificha tu, na kila mtu ataendelea kusoma kwa macho ya bibi yake huku akidai kwamba ametumia akili yake peke yake. Swali la dada yule kuhusu wajomba ni mojawapo ya maswali bora niliyopata kusikia juu ya kitabu hiki, na nasikitika kwamba lilizimwa kabla halijafanya kazi yake.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kitabu hiki kilitoka Dakar mwaka 1979, kikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika ya mwaka 1980, ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa, na mwandishi wake akafariki mwaka 1981. Kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mwalimu na mama wa watoto kumi na wawili, amefiwa na mumewe Modou, na akiwa edani anamwandikia rafiki yake Aissatou. Kabla ya kifo hicho, baada ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, Modou alikuwa amemwoa msichana aitwaye Binetou, rafiki wa binti yao Daba, na hakuja kumweleza mkewe kwa kinywa chake. Siku ya harusi hiyo walikuja wanaume watatu, yaani imamu, Tamsir ambaye ni kaka wa Modou, na Mawdo ambaye ni rafiki yake, wakaketi sebuleni, wakazungukazunguka kwa maneno ya majaliwa ya Mungu, mpaka mwanamke mwenyewe akaelewa ni habari gani iliyowaleta.

Sebule hiyo ndiyo mahali ambapo kikundi chenu kiligawanyika, hata kama hamkuitaja. Kwa Wabemba, Walamba na Watchokwe, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeitwa ndoa inapoingia matatizo. Msomaji aliyekulia huko, akiwaona wanaume watatu wa upande wa mume wameketi, anaanza bila kukusudia kuhesabu viti vilivyo tupu: upande wa mke umewakilishwa na nani? Msomaji Mluba wa Kasai, ambaye ukoo wake unafuata baba, hahesabu viti hivyo, kwa kuwa anaona kwamba utaratibu wa kutuma wazee umefuatwa. Kinachoweza kumuudhi yeye ni kwamba wazee wamekuja shughuli imekwisha kufanyika. Mambo hayo mawili yote yamo katika ukurasa uleule, na hakuna hata mmoja kati ya wasomaji wenu aliyeyabuni. Tena Wawolofu wenyewe, ambao Bâ anaandika habari za mji wao, wanazihesabu pande zote mbili, meen ikiwa nasaba ya mama na geño ikiwa nasaba ya baba, kwa hiyo mzee wenu asidhani kwamba kitabu kimempa ushindi.

Sasa, swali la wajomba lina jibu ndani ya kitabu, na jibu hilo mngelipata kama mngerudi nyuma kurasa chache. Ramatoulaye anasimulia kwamba ndoa yake ilifungwa bila mahari wala shamrashamra, baba yake akiwa hakupendezwa na mama yake akiwa na uchungu, kwa maana mama alikuwa amemchagulia mwanamume mwingine, Daouda Dieng, na alimshuku Modou tangu mwanzo kwa sababu ya mwanya ulio kati ya meno yake. Kwa vijana wa Dakar wa wakati ule, walimu na madaktari wapya wa nchi iliyokuwa ikielekea uhuru, ndoa isiyo na mahari ilikuwa ushindi juu ya wazee. Kwa msomaji wa Kamalondo, ambaye hata sheria ya nchi yake inadai kwamba familia zikubaliane mahari na angalau sehemu yake itolewe kabla ya ndoa kufungwa, hiyo ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma: mwanamke akitaka kutoka, atarudi kwa nani, naye nani atakwenda kuulizwa? Hapo ndipo mngeweza kubishana usiku kucha bila mtu kumtukana mwenzake, kwa sababu suala lingekuwa la kweli: je, uhuru ambao Ramatoulaye aliupata siku ya harusi ndio uliomwacha peke yake siku wale watatu walipoingia?

Kuhusu mzee aliyesema kwamba mume ni kichwa cha nyumba tangu enzi za mababu, mpelekeeni salamu zangu na mumwambie kwamba alidhani ananukuu mababu, kumbe alikuwa ananukuu kifungu cha 444 cha Sheria ya Familia ya nchi yetu, Kongo. Sheria hiyo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Marekebisho yaliondoa sharti la kwamba mke aombe ruhusa ya mumewe kila anapotaka kufanya jambo la kisheria, lakini maneno yanayomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba yakabaki. Hilo ni jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika vikao vya kusoma: mtu huleta kitu alichokizoea na kukiita mila, wakati umri wake haufiki hata umri wa baba yake.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kujichunguza katika jambo hili. Mji wetu umeanza mwaka 1910, na Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka kila upande, wengine kutoka Kasai, wengine Rwanda na Burundi, wengine ng’ambo ya mpaka katika nchi inayoitwa leo Zambia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke hatoroki upesi, ikaanza kuwapa nyumba watu wenye familia na kugawa posho kwa kuhesabu mke na watoto, na wanawake wakafundishwa kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba kwa namna ambayo bibi zao kijijini wasingeitambua, kwani bibi zao walikuwa wakulima wenye mashamba na ghala. Msemo wa kambini ulikuwa “kazi njo baba, njo mama”. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika mwaka 2001 kitabu kizima juu ya mamlaka katika familia za wafanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997, na ningependa kila kikundi cha kusoma cha hapa mjini kikisome sura kwa sura. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuuza hata nyanya moja wakati baba akiwa kazini, alituambia kwamba “kwetu” mwanamke hatoki kwenda sokoni. Nilipokuja kumtembelea bibi yangu kule Kasenga, nikamkuta akipanga bei ya samaki na wavuvi wa Luapula kwa sauti iliyosikika upande wa pili wa barabara, nikajua kwamba hilo “kwetu” la mama lilikuwa na geti na mlinzi. Ilipofika mwaka 2003 na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière, wakaachishwa kwa mkupuo, akina mama wa kambi walijaa sokoni ndani ya wiki chache, na hakuna babu yeyote aliyefufuka kulalamika.

Kwa hiyo badala ya kukataza kabila, wekeni desturi nyingine. Anayesema “kwetu sisi” aendelee mpaka amtaje mtu aliyemwona kwa macho: shangazi yake, mwaka gani, nyumba gani, nini kilitokea. Halafu aonyeshe ni ukurasa gani uliomkumbusha hayo. Mtamwona mtu aliyeanza kwa kusema “Waluba hufanya hivi” akishuka mpaka “baba yangu mdogo alifanya hivi, na mama hakupenda”, na hapo kabila zima halihitaji tena kutetewa.

Chukueni mfano wa Tamsir. Siku ya arobaini baada ya kifo cha Modou anamwambia mjane kwamba atamwoa akishatoka edani, kana kwamba anatangaza ratiba ya basi. Kurithi mjane kunajulikana kwa makabila yetu mengi, ya ukoo wa baba na ya ukoo wa mama, na baadhi ya wasomaji wenu, nadhani wanawake wakiwamo, hawakushtuka waliposoma hapo. Walifikiri kwanza juu ya watoto, kwamba wabaki katika jina la baba yao na wawe na mtu wa kuwalipia shule. Msiwaone kuwa ni watu wa giza. Waambieni wasome jibu la Ramatoulaye polepole. Mbali na kusema kwamba yeye si chombo cha kupitishwa mkono hadi mkono, anamhesabia Tamsir wake alionao tayari: mmoja hutia vitambaa rangi, wa pili huuza matunda, wa tatu huzungusha mkono wa cherehani bila kupumzika, na yeye bwana anakula jasho lao. Msomaji anayeijua mila ya kurithi mjane ndiye atakayeelewa ukali wa maneno hayo kuliko mwanafunzi wa chuo aliyeikataa mila yote tangu mwanzo, kwa kuwa anajua kwamba anayerithi mjane anarithi pia kazi ya kumlisha. Tamsir ameshindwa mtihani wa mila ileile anayoitumia.

Kuna mahali pengine ambapo wasomaji wetu wote, wa kwa baba na wa kwa mama, husoma vibaya kwa pamoja, nami nilikuwa mmoja wao. Aissatou anadharauliwa na mama mkwe wake kwa kuwa ni binti wa sonara, na mama mkwe huyo, mwenye damu ya kifalme, anampelekea mwanawe mke mwingine wa nasaba yake. Kwetu Katanga, ambako watu wa kuyeyusha shaba walikuwa na heshima yao na siri zao, na ambako kwa Waluba ufundi wa chuma umetajwa pamoja na ufalme, jambo hilo halileti maana. Basi tunaruka kurasa hizo na kusema tu kwamba mama mkwe ana roho mbaya. Lakini Aissatou hakuumizwa kama mwanamke peke yake. Aliumizwa kama binti wa mafundi, na msomaji asiyelijua hilo ataona mzozo wa mke na mama mkwe kama ule wa jirani yake.

Jambo la mwisho kwako, Dada Katibu, nalisema kwa aibu. Katika kikundi nilichokiongoza tulikuwa na dada mmoja Mwislamu, peke yake kati ya Wakristo tisa. Tulipokisoma kitabu hiki tulimgeukia kila dakika: eda ni nini, kwa nini wake wanne, je, kwenu mwanamke hukubali? Tulijiona wenye adabu. Sisi wenyewe, ambao sheria yetu inakataza ndoa ya wake wengi na mji wetu mzima unajua maana ya “biro ya pili”, yaani hawara wa mume wa mtu, hatukuulizana lolote. Mara moja tu mama mmoja alinong’ona kwamba Binetou angalau alitangazwa, na sisi tukacheka ili tupite. Yule dada hakurudi mwezi uliofuata. Nilipokutana naye baadaye akaniambia kwa upole kwamba alikuwa amejiandaa kuzungumza juu ya Daba, yule binti, kwa sababu yeye naye aliwahi kuwa binti wa nyumba ya namna hiyo, lakini nafasi hiyo haikupatikana. Wale wawili walioondoka bila kuaga, nenda ukawatafute nyumbani kwao kabla ya Jumamosi ya kwanza, na usiende na karani wa kuandika maelezo. Nenda na kitabu.

SWALI LA PILI

Mama Mhariri, sisi tunasoma vitabu vya Kifaransa lakini tunazungumza kwa Kiswahili. Kiongozi wetu anasema kwamba Kiswahili hakibagui mwanamke na mwanamume kama Kifaransa kinavyofanya, na kwamba kwa hiyo tukizungumza kwa lugha yetu tunakuwa na haki zaidi. Ni kweli?
Msomaji wa Ruashi

JIBU

Ni kweli nusu. “Yeye” ni mmoja kwa wote, na “alikuja” haisemi ni nani aliyekuja. Lakini pengo hilo hatuliachi wazi, tunalijaza kwa mazoea yetu. Niliwahi kuwasomea watu sentensi hii bila kuwapa jina lolote: “Alirudi usiku, akakuta bukari (ugali) imepoa, akala bila kusema neno.” Wote waliokuwepo, wanawake kwa wanaume, walimwona mwanamume. Nilikuwa nimemwandika muuguzi wa kike anayetoka zamu.

Tena lugha yetu ina mahali ambapo inabagua waziwazi kuliko Kifaransa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Mfaransa husema neno moja kwa wote wawili. Kibemba kinafanya kama Kiswahili, ukuupa kwa mume na ukuupwa kwa mke, na hili hunishangaza, kwa kuwa zamani mwanamume wa Kibemba ndiye aliyehama kwenda kijiji cha mke na kuwalimia wakwe kwa miaka kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima pale. Basi muulize kiongozi wenu: katika hali hiyo ni nani aliyemwoa mwenzake? Mkifasiri sentensi ya Kifaransa katikati ya mazungumzo, simameni kidogo kwenye neno hilo, mseme kwa sauti ni nani mliyempa kutenda na ni nani mliyempa kutendwa. Kuhusu neno “jinsia”, shauri langu ni kwamba mlitumie kwa uchache. Kwa masikio mengi hapa mjini lina harufu ya semina na posho ya siku, na watu wakilisikia huanza kujibu kama wanavyojibu kwenye semina.

SWALI LA TATU

Mama, shikamoo. Mimi na mwenzangu tuna miaka ishirini na moja, na ndio wadogo katika kikundi chetu. Kila tunapoanza kusema, mama mmoja hutukatiza akisema kwamba tutayajua tukishaolewa. Isitoshe, chai ikiwa tayari, ni sisi tunaotumwa kuimimina na kufuata mandazi, na tukirudi tunakuta sura yenyewe imekwisha kuzungumzwa. Tufanye nini bila kuonekana wakosefu wa adabu?
Binti wa Kampemba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwombe kiongozi, faraghani na mapema, kwamba mzunguko wa kwanza uanzie kwa aliye mdogo na uishie kwa aliye mkubwa. Wazee wengi hulipokea hilo vizuri, kwa kuwa kusema mwisho ndiyo heshima wanayoijua kutoka barazani. Mama akikukatiza, usimbishie yeye. Sema, “Mama, nimesikia, ila mimi nilikuwa namsemea Daba,” kisha usome mstari. Kama mmesoma kitabu cha Bâ, mnajua kwamba Daba hakuwa ameolewa alipomshauri mama yake aachane na Modou. Mama alisikiliza, akaamua kubaki, na hakuna aliyemwambia binti kwamba amekosa adabu.

Chai iwekwe ndani ya chupa ya moto kabla ya kikao, katikati ya meza, na kila mtu ajimiminie. Mandazi na yafuatwe na kaka anayekaa karibu na mlango.